Mjadala: Mpaka wa siasa katika skuli za serikali uwe wapi?

Assalaam alaykum ndugu wachangiaji. Katika mazungumzo yetu kuhusu hali ya skuli za Unguja na Pemba zimejitokeza kauli mbili, na kila moja ina watu wake. Ya kwanza inasema siasa itolewe skulini moja kwa moja, elimu waachiwe wataalamu. Ya pili inasema skuli ni za serikali, serikali imeundwa na chama kilichoshinda, na kwa hiyo chama hicho kina haki ya kuonekana na kusikilizwa ndani ya skuli. Mimi ni mzee wa wanafunzi na mjumbe wa kamati ya skuli huku Pemba, na sikubaliani na kauli hata moja kati ya hizo.

Wanaotaka siasa itoke kabisa wanasahau skuli hizi zimetoka wapi. Kabla ya Mapinduzi, mtoto wa Zanzibar alisoma kwa kutegemea jamii aliyozaliwa na uwezo wa wazee wake. Palikuwa na skuli za serikali, za misheni na za jumuiya za Wahindi, kila moja na watoto wake. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo kwa watoto wote. Lile lilikuwa agizo la dola, na hakuna jopo la wataalamu ambalo lingeweza kulitoa. Majina yenyewe ya skuli zetu yanashuhudia: Lumumba, Haile Selassie na Ben Bella mjini Unguja, Fidel Castro huku Pemba. Kufutwa kwa michango ya wazee katika awamu ya saba ya Dk. Ali Mohamed Shein kulikuwa ni siasa, na kujengwa kwa skuli za ghorofa katika awamu hii ya Dk. Hussein Ali Mwinyi, ili watoto waondokane na mikondo miwili ya asubuhi na mchana, nako ni siasa, na katika yote mawili mimi nashukuru.

Tena tukumbuke kwamba elimu ya skuli si jambo la Muungano. Yaliyomo katika orodha ya mambo ya Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mengine yote, tangu kikalio cha mtoto wa maandalizi hadi mshahara wa mwalimu wa sekondari, yanaamuliwa hapa hapa, na bajeti yake inapitishwa na Wawakilishi wetu katika Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Anayesema wanasiasa wanyamaze kuhusu elimu anawapa nafasi ya kunawa mikono. Mimi nataka wasinyamaze. Nataka Mwakilishi wa jimbo langu aulizwe, kwa jina lake na mbele ya watu, kwa nini maabara ya skuli yetu haina maji.

Kauli ya pili ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa madhara yake tunayaona kwa macho. Katika skuli moja ya kaskazini mwa kisiwa hiki, ambayo sitaitaja, wananchi walijenga madarasa kwa nguvu zao mpaka usawa wa linta, na serikali ikaezeka na kumalizia, kama ilivyo kawaida yetu. Jambo jema kabisa. Siku ya uzinduzi wanafunzi walipangwa mistari tangu saa mbili asubuhi, vikalio vikatolewa madarasani na kupelekwa uwanjani kwa ajili ya wageni, na mgeni rasmi akafika baada ya saa tano. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamesimama juani na vibendera mkononi, wengine wamechutama, mmoja ameshaondolewa kwa kizunguzungu. Hotuba ilikuwa ndefu, na sehemu yake kubwa ilihusu wapinzani wa mgeni yule, wala si elimu. Siku hiyo hakuna darasa lililosomeshwa, na vikalio vilirudi ndani keshoye. Nasema haya bila ya kutazama ni chama gani, kwani katika jambo hili nimewaona wa pande zote wakifanana.

Siku moja ya masomo inafidika. Kisichofidika kwa urahisi ni mwalimu. Hapa ndipo ninapotaka mjadala wetu utulie, kwa sababu watu wengi hulijua jambo hili na hulizungumza barazani kwa sauti ya chini, kisha wakija mbele ya watu hunyamaza. Mwalimu wa hesabati wa kidato cha nne anapewa barua ya uhamisho katikati ya mwaka, barua ya mistari mitatu isiyotaja sababu yoyote zaidi ya "maslahi ya kazi", na wanafunzi wanakaa bila mwalimu hadi mtihani. Huenda sababu ilikuwepo na ilikuwa ya haki. Skuli ya pili huenda ilikuwa na shida kubwa zaidi. Lakini kwa kuwa haikuandikwa, kila mtu huiandika mwenyewe moyoni mwake, na katika kisiwa chenye historia kama ya Pemba sababu ya kwanza inayomjia mtu ni siasa.

Historia hiyo si ya kubuni. Baada ya uchaguzi wa 1995, suala la watumishi wa umma waliopoteza kazi au kuhamishwa, walimu wakiwemo, lilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa yaliyotoka Pemba. Baadaye yalikuja maridhiano ya vyama vya CCM na CUF, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikatuletea Serikali ya Umoja wa Kitaifa, jambo ambalo wengi wetu tulilipokea kwa furaha ya kweli. Hata hivyo serikali ile ilijibu swali la nani awe Makamu wa Kwanza na nani apewe wizara ipi. Swali la nani anaweza kumwondoa mwalimu skulini, kwa utaratibu gani na kwa sababu zipi, lilibaki mikononi mwa watu badala ya kuwekwa katika maandishi yanayomlinda kila mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba mwajiri ana haki ya kumhamisha mtumishi wake, na kwamba bila ya uhamisho walimu wote wangejazana Mjini na Chake Chake, na skuli za Makangale na visiwa vidogo zingebaki na wanafunzi peke yao. Hoja hiyo ni ya kweli, nami sitaki uhamisho ufutwe. Nataka barua ieleze sababu inayoweza kuhojiwa; nataka mwalimu wa darasa la mtihani asiondolewe kabla ya mtihani isipokuwa kwa maradhi au utovu wa nidhamu uliothibitishwa; nataka nafasi ya mwalimu mkuu itangazwe, watu waombe, wasailiwe, na kamati ya skuli isikilizwe. Haya yawekwe katika Sheria ya Elimu yenyewe na si katika waraka, kwa sababu waraka huja na waziri na huondoka naye.

Walimu nao hawawezi kuachwa nje ya lawama. Wako wanaoutafuta ukuu wa skuli kwenye maskani za chama badala ya darasani, na wako wa upande wa pili wanaotumia kipindi cha uraia kuwapandikiza watoto chuki ya serikali. Wote hao wanafanya kosa moja, la kumtumia mtoto asiyekuwa na kura.

Kuna jambo jengine ambalo linaonesha upande mwengine wa tatizo. Sera ya Elimu ya 2006 iliamua kwamba hesabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtu anaweza kuuunga mkono uamuzi ule au kuupinga. Mimi naupinga, lakini hilo lina mjadala wake. Ninachotaka kukionesha ni kwamba uamuzi mkubwa namna hiyo uliangukia kwa walimu ambao wengi wao walifundishwa kusomesha kwa Kiswahili, na mpaka leo ukikaa nyuma ya darasa utamsikia mwalimu akisoma sentensi ya kitabu kwa Kiingereza, kisha akaifafanua kwa Kiswahili, kisha akaandika ubaoni kwa Kiingereza maneno ambayo watoto watayanakili bila ya kuyaelewa. Uamuzi ni haki ya serikali kuutoa. Kumsikiliza anayeshika chaki kabla ya kuutoa ni wajibu wake pia.

Kwa hiyo mpaka ninaoupendekeza ni huu: siasa iamue kwa uwazi fedha, majengo, sera na sheria, nasi tuihukumu kwa kura, lakini isiwe na mkono katika ratiba ya siku ya mtoto, wala katika barua ya mwalimu mmoja mmoja. Kwa wanaopinga, naomba wajibu swali moja ambalo mimi bado linanisumbua. Mwalimu wa Pemba akipewa uhamisho anaouona si wa haki, analalamika kwa nani? Afisa Mdhamini, yaani mkuu wa wizara huku Pemba, yuko chini ya wizara ile ile iliyomuhamisha. Wako humu waliofanya kazi wizarani na waliowahi kukaa katika kamati za skuli kwa miaka mingi. Waeleze rufaa hiyo ingekaa wapi ili mwalimu aiamini na serikali isione kwamba imenyang'anywa mamlaka yake.