Besti wangu ni mwalimu wa Kemia: nimpe kidani cha serotonini au cha kafeini?

Binti Meru: Habari za humu wakuu. Besti wangu tangu kidato cha tano anatimiza miaka 30 mwezi ujao. Anafundisha Kemia sekondari hapa Arusha, na chai ya rangi haimtoki mkononi. Nimeona mitandaoni vidani vya silva vyenye umbo la molekuli. Kuna serotonini, wanaiita "molekuli ya furaha", kuna kafeini, na kuna vya DNA. Mimi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), naogopa kumpelekea kitu akanicheka. Bajeti laki na nusu.

Mzee wa Tyubu: Serotonini achana nayo. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni. Utamwambia "furaha", yeye ataona umemvalisha utumbo shingoni 😂 Chukua kafeini, si imo kwenye hiyo chai yake?

Mangi Mpole: Watu wa Arusha mna mambo. Mererani ipo hapo jirani, wewe unahangaika na vitu vya mtandaoni! Mpe tanzanaiti. Nayo ni kemia, ile buluu inatokana na metali ya vanadi.

Mzee wa Tyubu: @Mangi Mpole tanzanaiti nzuri kwa laki na nusu? Labda uiangalie dirishani.

Sonara Mstaafu: Hiyo kazi nimeifanya sana. Dada, usiagize kabla hujakagua mchoro. Kafeini ni pembesita na pembetano zilizoshikana ubavu mmoja. Nitrojeni ziko nne, mbili kila upande. Oksijeni mbili, zote zinachomoza kwenye pembesita. Halafu kuna vikundi vitatu vya methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu): viwili kwenye pembesita, kimoja kwenye pembetano. Kikikosekana kimoja si kafeini tena, na mwalimu ataona kabla hajakupa mkono wa asante.

Uzuri wake ni bapa, kidani kikigeuka nyuma-mbele bado ni kafeini ileile. DNA haisamehi hivyo. Ya kawaida mwilini hujipinda kulia, yaani uzi wa mbele unapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, kama skrubu ya dukani. Vidani vingi vimepindwa kinyume, na hata ukikipindua kichwa chini hakirekebiki.

Mwambie fundi akate kwenye kipande kimoja cha silva 925 (yaani silva asilimia 92.5), asiunge vijiti vijiti, vitakatika. Mkufu ushike sehemu mbili, la sivyo kitaning'inia upande.

Mama Wawili: Na akivue akiingia maabara. Silva na salfa haziivi, kitakuwa cheusi.

Mzee wa Tyubu: Hapo atafurahi zaidi, ni somo la bure kwa wanafunzi 😂

Binti Meru: Asanteni sana. Kafeini imepita. @Sonara Mstaafu, nikikuletea mchoro nitautoa saizi gani?

Sonara Mstaafu: Upana sentimita tatu. Chini ya hapo methili hazionekani. Na uulize kwanza kama masikio na shingo yake vinavumilia nikeli, ndoano za bei chee huwa nayo.