Tozo au mikopo, mbona kubana matumizi hakuna anayekutaja? Nimerudia kauli ya Ndugai ya 2021 na hasira zimenipanda upya

Wakuu habari zenu,

Nimekaa na hili jambo muda mrefu, leo natema. Mnakumbuka mwisho wa Desemba 2021 marehemu Job Ndugai, Mungu ampumzishe, akiwa Spika, alisimama kwenye mkutano wa Wagogo wenzake pale Dodoma akasema deni limefika trilioni 70 na kwa mwendo huu ipo siku nchi itapigwa mnada. Clip ilisambaa kila grupu. Tarehe 28 Rais Samia akajibu kwamba tutaendelea kukopa maana miradi lazima ikamilike. Tarehe 3 Januari Ndugai akaita waandishi akaomba radhi, tarehe 6 akajiuzulu uspika. Siku kumi na kitu tu jambo zima limekwisha, na watu mtaani wakabaki kubishana nani kamchokoza nani, nani ana mipango ya uchaguzi wa 2025, nani yuko kambi gani. Deni lenyewe hakuna aliyelijadili!!

Sasa kinachoniuma mimi ni hiki. Mtu anasema ile kauli ilikuwa ya kishujaa, mwingine anasema ilikuwa utovu wa nidhamu, lakini rudini mkasikilize alichosema chote siyo kile kipande cha mnada peke yake. Mzee alikuwa anatetea tozo za miamala ya simu. Alikuwa anasema kuliko kukopa, bora tubanane wenyewe tukatwe tujenge. Upande wa pili serikali inasema bora tukope. Yaani wakubwa wawili wanabishana mzigo uje kwa njia ipi, na njia zote mbili anayebeba ni yuleyule mwananchi, leo kwa tozo au kesho kwa kodi ya kulipia mkopo. Habari ya wao wenyewe kupunguza matumizi haikugusiwa na yeyote.

Mimi nina kibanda cha uwakala wa miamala ya simu. Tozo ilipoanza Julai 2021 niliiona kwa macho, wateja walikatika ghafla, mama anatumiwa hela ya matumizi na mwanae anauliza mwanangu mbona imekatwa hivi, anadhani nimemuibia mimi. Nimetukanwa kwa makato ambayo sikuyapanga na wala hayaingii mfukoni kwangu. Watu wakarudi kutumiana hela kwa makondakta wa mabasi kama zamani. Kamisheni yangu ikaporomoka na kodi ya fremu ikabaki palepale. Agosti wakatangaza kupunguza asilimia 30, mwaka uliofuata wakaipeleka mpaka benki, mwalimu mshahara umeshakatwa kodi ya PAYE halafu akienda kuutoa anakatwa tena. Wakati huohuo kwenye mafuta kila lita shilingi 100 imeongezwa, hiyo 2021, na 2023 wakaongeza 100 nyingine.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo damu inapochemka. Septemba 2022 kelele zilipozidi, waziri wa fedha wa wakati ule Mwigulu Nchemba alisimama bungeni akafuta baadhi ya zile tozo. Pengo la hela ataliziba na nini? Akasema wizara zipunguze chai, vitafunwa, safari, semina, warsha, matamasha. Kwa hiyo hela ilikuwepo!! Ilikuwepo muda wote kwenye chai na semina, na sisi tumekatwa zaidi ya mwaka mzima kabla mtu hajaiona. Na miezi michache nyuma kwenye hotuba ya bajeti, waziri huyohuyo alieleza kwamba magari ya serikali, kununua, mafuta na matengenezo, yanakula zaidi ya bilioni 500 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja wakuu! Akapendekeza watumishi wakopeshwe magari yao wayahudumie wenyewe. Mmeona lolote? Mimi barabarani naona V8 na misafara ileile, kiongozi anakwenda kuzindua kisima cha maji na magari hata hayahesabiki.

Najua watakuja wachumi humu waseme deni letu ni himilivu, mikopo ni ya miradi. Sawa, mimi sipingi kukopa. Ule mkopo wa trilioni 1.3 wa IMF uliomfanya mzee aongee ulijenga madarasa 15,000, yapo, watoto wamekaa humo, SGR nayo nimeipanda. Hoja yangu ni kwamba mkopo umeidhinishwa Septemba 2021 wakati bajeti Bunge lilishapitisha Juni. Sheria yetu ya mikopo ni ya 1974, inampa waziri wa fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya serikali, hakuna mahali inapomlazimisha apeleke mkataba wa mkopo mmoja mmoja bungeni ukasomwe riba yake, muda wake na masharti yake. Wenzetu Kenya pamoja na matatizo yao yote angalau ukomo wa deni uko kwenye sheria, walikuwa na kikomo cha trilioni 10 za kwao, 2023 wakageuza ikawa asilimia 55 ya pato la taifa, na kila wakitaka kukisogeza lazima kipite bungeni watu wapige kelele. Sisi tunasubiri ripoti zitoke ndio tujue tumefika wapi. Juni 2023 ilikuwa trilioni 82, Juni 2024 trilioni 97, na Machi 2025 imepita 107. Kutoka zile 70 za mzee.

Na hapa simuachi Ndugai, samahani kwa wanaosema marehemu hasemwi, mambo ya umma tutayasema. Alikuwa Spika tangu 2015, naibu kabla ya hapo, mbunge wa Kongwa tangu 2000. Rungu lilikuwa mikononi mwake. Kama deni lilimkosesha usingizi, kwa nini hakuleta hoja bungeni kwenye ukumbi ule tunaoulipia, akaenda kusemea kwenye mkutano wa kabila? Halafu 2019 Profesa Assad, aliyekuwa CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mtu ambaye kazi yake ni kukagua matumizi, alipojibu swali kwamba ripoti zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge, Ndugai huyuhuyu alimuita mbele ya kamati na Bunge likaazimia halitafanya naye kazi. Leo ndo naelewa alituvunjia nini. Alipokuja yeye mwenyewe kutaka kusema ukweli kuhusu hela za nchi, hakukuwa na Bunge lolote nyuma yake la kumkinga, maana yeye ndiye aliyelizoesha kunyamaza. Mimi sikusikia hata mbunge mmoja aliyesimama akasema jamani tusubiri, tujadili alichosema.

Na baada ya yeye kutoka ndo kabisa. Nani atathubutu tena? Spika mzima kaondoka kwa sentensi moja, mbunge wa viti maalum atafungua mdomo? Bajeti ya 2021/22 ilikuwa trilioni 36, ya 2025/26 ni trilioni 56, na michango ni ileile, naunga mkono hoja, naomba barabara ya jimboni kwangu, ahsante.

Ninachotaka ni vitu viwili tu. Sheria ya 1974 ibadilishwe, mikopo mikubwa ipite bungeni hadharani na mikataba ichapishwe tuisome. Pili ile bilioni 500 na kitu ya magari tuambiwe leo imefika ngapi, imeshuka au imepanda, kwa tarakimu.

Kabla hamjaanza kunitukana muulizeni kwanza mbunge wenu. Kama yupo aliyesimama tangu Januari 2022 akahoji deni au matumizi ya serikali kwa jina lake, mtajeni hapa na aliyosema.