Je, zilipendwa zilibebwa na maadili au na mshahara?

Waungwana, kila zinapopigwa zilipendwa, husikika kauli ile ile: kwamba muziki wa zamani ulikuwa bora kwa sababu watunzi wake walikuwa na maadili na walijiheshimu, na kwamba vijana wa leo, wawe wa Bongo Fleva au wa tamthilia, wameishiwa. Nusu ya kauli hiyo naikubali, maana sijawahi kusikia waimbaji Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka wakipokezana sauti nikabaki nimekaa. Nusu ya pili, ile ya maadili, naipinga.

Tuzitazame bendi zenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nao walikuwa na zao. Maana yake ni kwamba magitaa na masaksafoni yalinunuliwa na mwajiri, na mpiga tarumbeta aliamka akijua kuwa mwisho wa mwezi upo. Mtu wa namna hiyo anaweza kushinda mazoezini siku nzima akitafuta mahali ambapo wimbo unaacha kutembea taratibu na kuingia kwenye chemko. Anayejilipia studio kwa saa hana nafasi hiyo, hata awe na kipaji namna gani.

Nitajibiwa kwamba mishahara ile ilikuwa midogo, na ndiyo maana wanamuziki hawakuacha kuhamahama. Ni kweli; mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka waliondoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound. Lakini walihamia kwa mwajiri mwingine, na huko nako walikuta vyombo.

Kisha kuna mchujo. Kwa Tanzania Bara, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ilikuwa moja, nayo ndiyo iliyorekodi na ndiyo iliyoamua kipi kiende hewani. Wimbo wa Remmy Ongala uliohimiza matumizi ya kondomu ulinyimwa nafasi redioni. Kwa hiyo mafumbo tunayoyasifu hayakutokana na tabia njema pekee. Mengine yalikuwa njia ya kumpita mkaguzi. Muda nao umechuja mara ya pili, kwani nyimbo dhaifu za enzi hizo hakuna anayezipiga, ilhali za leo tunazisikia zote, nzuri na mbovu, ndani ya daladala moja.

Kwenye televisheni sina uhakika wa namna hiyo. Michezo ya kundi la maigizo la Kaole niliitazama ITV sebuleni kwa jirani, viatu vimerundikana mlangoni, watoto tumebanana juu ya mkeka, na mwenye nyumba akitutishia kuizima kila tulipocheka kupita kiasi. Nilipoitazama tena hivi karibuni nilikuta sauti inayokwaruza na maneno yanayorudiwarudiwa, nikashuku kwamba nilichokipenda zaidi kilikuwa ule mkeka. Vitimbi ya Kenya, kinyume chake, bado inanichekesha: Mzee Ojwang anapomaliza kulalamika na Mama Kayai akamtazama tu bila kujibu, hakuna kinachosemwa na bado ninacheka. Utulivu huo ni wa watu walioigiza pamoja miaka mingi katika kituo kimoja cha taifa, na kwangu ni ushahidi ule ule wa bendi.

Basi wanaoshikilia hoja ya maadili wanijibu hili: ni nani leo, awe kiwanda, chama, shirika au kituo cha televisheni, anayemlipa mpiga tarumbeta mwezi hadi mwezi, ili tuweze kumlinganisha kwa haki na yule wa mwaka 1978?