Tupeane uzoefu: Mchina uliyesoma naye ughaibuni, alikuwa anasemaje kuhusu maisha ya mjini?

Baridi_Kali (mleta uzi)

Habari za wikendi, wakuu. Nilisoma Ujerumani, na nyumba tuliyopanga nilikaa na dada mmoja wa Kichina kutoka Chongqing. Kwa asiyeijua Chongqing: mji umejengwa juu ya milima. Unaingia jengoni kwa mlango wa barabarani, ukienda kuchungulia dirisha la upande wa pili unakuta uko juu ghorofani na barabara nyingine iko chini huko. Pale kituo cha Liziba treni inapita katikati ya jengo wanaloishi watu. Sasa mtu wa huko mlete kwenye mji ambao Jumapili hata pa kununua kitunguu unapatafuta.

Mwanzoni alikuwa analalamika balaa. Kadi ya benki inakuja kwa posta, namba yake ya siri nayo inakuja kwa posta, bahasha nyingine, siku nyingine. Mkate unalipia sarafu. "Hii ndiyo nchi tajiri?" Kwao hata muuza viazi vitamu vya kuchoma kabandika msimbo wa QR kwenye mkokoteni, unaupiga picha na simu, unalipa, unaondoka na kiazi chako. Jumapili moja akawasha mashine ya kufyonza vumbi. Hajamaliza sebule, jirani wa chini keshabandika karatasi ngazini, mwandiko mzuri kabisa, anatukumbusha kuwa leo ni siku ya utulivu. Dada akaipiga picha akamtumia bibi yake.

Huyo bibi ndiye aliyemlea. Wazazi walikuwa viwandani Guangdong, anawaona Mwaka Mpya wa Kichina, wakija na zawadi na mafua ya safari. Nilichoshangaa ni kwamba kadiri muda ulivyokwenda, alianza kuzipenda zile Jumapili. Anabeba chupa yake ya maji ya moto (hawa watu na maji ya moto, hiyo mada nyingine), anakwenda kukaa bustanini bila simu. Siku moja akaniambia wazazi wake walitoa ujana wao wote kujenga miji na hawajawahi kukaa bustanini hata mara moja, na yeye akikaa anajisikia kama anaiba.

Amerudi Shenzhen sasa. Kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Mahakama ya Juu ya Watu wa China ilishasema mwaka 2021 kuwa utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Kazini kwake naona taarifa bado iko njiani.

Mliosoma nao, mlioishi nao, wao waliuona vipi mji na haya maisha ya kisasa? Karibuni.

Kiti_Kirefu

Nimeweka kambi.

Mwana_wa_Kongowea

Mimi nilikuwa Uingereza, Manchester. Mwenzangu wa maabara alikuwa wa Hangzhou. Urafiki wetu ulianza kwenye basi, dereva anatafuta chenji na foleni nyuma inakohoa. Tukaangaliana tu tukacheka. Yeye kwao simu ndiyo pochi, mimi kwetu M-Pesa iko tangu 2007, nyanyangu kijijini hajui kadi ya benki inafananaje lakini anapokea na kutuma. Kuanzia hapo tukawa tunawahurumia Wazungu pamoja.

Lakini jamani, upweke wa hao wenzetu si mchezo. Wako wengi pale chuoni hadi unaweza kumaliza shahada ukizungumza Kichina tu: duka lao, kinyozi wao, hata chakula wanaagiza kwa programu yao na kinaletwa na Mchina mwenzao. Yule jamaa aliniambia yuko Manchester kwa mwili tu. Nikamwuliza kwa nini hatoki. Akasema hata Hangzhou alikuwa hatoki, chakula kilikuwa kinaletwa mlangoni vilevile, tofauti ni kwamba hapa kinafika kimepoa.

Daktari_Mtarajiwa

Wakuu natofautiana kidogo na mleta uzi. Nimesoma udaktari Wuhan, niko huko huko wakati mji unafungwa Januari 2020, kwa hiyo msije mkaniambia habari za utulivu wa mji. Utulivu nimeuona mpaka nikauchoka.

Darasani nilikuwa na rafiki wa mkoa wa Henan, naye baadaye alienda kusoma Ufaransa. Anasema wenzake huko walikuwa wanamwonea huruma: maskini, mmepoteza maisha ya kijijini, mababu, mashamba. Akawa anawajibu kuwa wao kijiji wanakijua cha likizo. Cha kwao choo kilikuwa shimo nje, na majira ya baridi unakwenda na koti na hofu. Ghorofa kwake si kifungo. Ni bomba linalotoa maji ya moto.

Kinachomuuma yeye ni kingine. Baba yake alikuwa fundi wa ujenzi Beijing miaka na miaka, lakini ule usajili wa makazi wanaouita hukou, wa tangu 1958, ulimhesabu kuwa mtu wa Henan. Ikifika mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wa Juni, mtoto anarudi kufanyia alikosajiliwa, na Henan ushindani wake ni wa kufa mtu. Baba kajenga majengo ya Beijing, mwanawe haruhusiwi kufanya mtihani Beijing. Hapo ndipo alipokuwa akipandisha sauti. Usasa anautaka, ila hautaki ule wa kuambiwa ingia kwa mlango wa nyuma.

Njaa_Haina_Baunsa

Samahani nje ya mada, ufadhili wa China maombi yanafunguliwa lini?

Daktari_Mtarajiwa

Mkuu, fungua uzi wako.

Binti_wa_Changanyikeni

Wa kwangu alikuja huku huku. Beijing wanafundisha Kiswahili vyuoni tangu miaka ya 1960, na wanafunzi wao huletwa kukaa Dar au Zanzibar kukinoa. Huyu alikuwa anasoma Mlimani, nami ndiye niliyekuwa namtembeza. Muda wote yuko kwenye ile maktaba mpya ya 2018 iliyojengwa kwa msaada wa kwao, anasema ndipo mahali pekee anapojisikia yuko nyumbani, kwa sababu hakuna anayemsalimia!

Maana salamu zilimtesa. Kutoka hosteli hadi kituo cha daladala ni habari za asubuhi, za masomo, za nyumbani, wazazi hawajambo? Akawa anachelewa vipindi. Kisha akaugua malaria, akajifungia. Mama ntilie aliyezoea kumwuzia maharage ndiye aliyeuliza yule mtoto wa Kichina mbona haonekani, akamtuma kijana wake na uji. Kwao, alisema, mlango unaotazamana na wao hajui anakaa nani.

Yangsheng_wa_Dar

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi ni Mchina, nilisoma Kiswahili na nilikaa Dar es Salaam mwaka wa tatu wa masomo yangu. Nimesoma uzi wote. Naomba niseme kidogo, na mnisahihishe Kiswahili changu.

Nimependa habari ya uji. Mimi pia niliwahi kuletewa. Lakini yule yule anayekuletea uji ndiye anayekuuliza: umeolewa? Bado? Una miaka mingapi? Unangoja nini? Nilipoulizwa hivyo Sinza mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu ni maneno ya shangazi zangu wa Anhui, neno kwa neno, wakati wa Mwaka Mpya. Nilisafiri kilomita maelfu nikamkuta shangazi yuko pale, amevaa kitenge.

Kwa hiyo upweke wa Beijing msiuonee huruma sana. Wengi wetu tumeutafuta. Ninapanga chumba kidogo mbali na kazi, naamka mapema, treni imejaa, jirani simjui, na hakuna anayehesabu umri wangu. Kinachonichosha ni kazi na kodi. Kutojulikana hakunichoshi.

Dar nilikumbuka kitu kimoja cha nyumbani ambacho hata nyumbani hakipo tena: watu kukaa nje jioni. Umeme ukikatika Sinza, wote wanatoka na viti. Nilipokuwa mdogo Anhui ilikuwa hivyo wakati wa joto. Kisha kila nyumba ikanunua kiyoyozi.

Mwana_wa_Kongowea

Dada, Kiswahili chako kinatushinda sisi wenyewe. Ungerudi kuishi Dar?

Yangsheng_wa_Dar

Mwaka mmoja, ndiyo. Miwili, sijui. Foleni ya Mwenge siitaki tena, na Kariakoo nimechoka kuitwa "we Mchina" na kupandishiwa bei ya kanga. Nilikuwa naijua bei.

Baridi_Kali (mleta uzi)

Hahaha, hapo kwenye kanga nimekuelewa. Dada wa Chongqing nimemtafsiria habari yako ya shangazi wa kitenge, amejibu saa sita usiku akiwa bado ofisini: anauliza Sinza vyumba vinapangishwa bei gani. Nani yuko maeneo yale anisaidie? Na mliosoma Urusi, Uturuki na Malaysia bado hamjaongea.