Usonji au tatizo la lugha: alama za kipimo zinatosha?

Mama Baraka, Umoja
Hamjambo nyote. Mwanangu ana miaka mitano na bado haungi sentensi. Alipopimwa uwezo wa akili, alama zake za kupanga vibao kwa kufuata mchoro zilikuwa nzuri, lakini za msamiati na za kufuata maagizo zilikuwa chini sana. Mtaalamu mmoja ameandika usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu), mwingine anasema ni tatizo la lugha pekee. Je, pengo hilo la alama linaweza kutuonyesha ni lipi?

Mtaalamu wa tiba ya usemi
Mama Baraka, pengo hilo peke yake haliamui. Wapo watoto wenye usonji wanaofanya vizuri sana kwenye vibao, na baadhi yao huona umbo lililofichwa ndani ya picha upesi kuliko wenzao, lakini mwenye tatizo la lugha naye huweza kupata alama za vibao zilizo juu kuliko za maneno, kwa kuwa vibao havimdai kusema. Hata zoezi la kurudia neno lisilo na maana, kama "bulatemiko", ambalo huwashinda wengi wenye tatizo la lugha, huwashinda pia baadhi ya wenye usonji.

Mimi hutazama zaidi mawasiliano yasiyo ya maneno. Akitaka kikombe kilicho juu ya kabati, je, hukionyesha kwa kidole huku akikutazama usoni, au huushika mkono wako na kuupeleka huko bila kukuangalia? Akiona ndege angani, hukuonyesha ili mfurahie pamoja? Mwenye tatizo la lugha pekee kwa kawaida hufidia maneno kwa ishara na uso. Na kabla ya yote, masikio yake yamepimwa?

Mwalimu wa elimu maalum, Embakasi
Alipimwa kwa lugha gani? Vipimo vingi tunavyovitumia vilisanifiwa kwa watoto wa Marekani na Uingereza. Mtoto anayesikia Kikamba kwa nyanya yake, Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni anaweza kupata alama ndogo za msamiati bila kuwa na tatizo lolote, ilhali tatizo halisi la lugha hujitokeza katika kila lugha anayoitumia. Tafadhali msimnyime lugha ya nyanya yake. Lugha nyingi hazisababishi hali yoyote kati ya hizi mbili.

Mama Baraka, Umoja
Asanteni sana. Masikio yako sawa. Alipimwa kwa Kiingereza. Kidole huonyesha anapotaka kitu, lakini si kunionyesha kitu tu. Je, yanaweza kuwa yote mawili?

Mtaalamu wa tiba ya usemi
Yanaweza. DSM-5 ya 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, unamtaka mpimaji anayeandika usonji aeleze pia kama kuna upungufu wa lugha. Hilo la kutokuonyesha lipeleke kwa mpimaji kama ulivyolieleza hapa, na umwombe amtazame akicheza, kwa Kiswahili. Tiba ya lugha ianze sasa, kwa sababu ataihitaji vyovyote vile.