Eti watu wa Dodoma tunajua maji ya ndoo! Huyu mtu aache kufundisha watu kamba

Wakuu, nina hasira, nitaandika ovyo, mtanivumilia.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, na nyie msimtaje humu. Yule wa kofia ya nahodha, anaivaa mpaka msibani. Leo saa mbili asubuhi kamwaga voisi kwenye kundi la wanaokwenda Uingereza mwezi wa nane kuendesha mashua mto Thames, Oxford mpaka Reading. Voisi ndefu kuliko treni ya mizigo. Alipofika kwenye habari ya loki, akasema: "Mkishaingia ndani, kazeni fundo kamba zote mbili, shukeni mkanywe chai, maji yatashuka yenyewe." Akasahihishwa kwa adabu zote, kwamba mashua inaposhuka kamba haipigwi fundo, inashikwa. Jibu lake, mbele ya kundi zima: "Watu wa Dodoma mnajua maji ya ndoo."

Maji ya ndoo!

Kwa asiyeijua loki: ni chumba cha mawe au zege kilichojengwa mtoni, kina malango upande wa juu na upande wa chini. Mashua ikitoka juu inaingia, malango ya nyuma yake yanafungwa, vilango vidogo vya upande wa chini vinafunguliwa, maji yanatoka na mashua inashuka nayo mpaka yalingane na mto wa chini. Thames ina loki 44, kuanzia karibu na Lechlade hadi Teddington. Ukihesabu toka Osney pale Oxford mpaka Caversham pale Reading, ni 13. Sandford, ambayo ni ya tatu kwenye safari hiyo, inakushusha mita 2.69.

Sasa nenda kakaze fundo Sandford. Maji yanaondoka, kamba hairefuki. Ubavu uliofungwa unabaki umening'inia ukutani, ubavu wa pili unalala majini, sufuria na watoto vyote vinahamia upande mmoja. Kinachofuata ni kamba kukatika, au kile chuma cha kufungia kung'oka sitahani na kuruka kama risasi. Mashua ya chuma ya futi 60 ina tani 15 hivi. Tani 15 kwenye fundo, na mwenye mashua yuko ukingoni anakunywa chai!

Inavyotakiwa: kamba mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, kila moja isipungue mita 10. Ncha moja imefungwa kwenye mashua, kamba inapitishwa nyuma ya nguzo ya ukingoni, ncha ya pili inarudi kwa mtu aliye ndani ya mashua. Haizungushwi kiganjani hata siku moja. Injini imezimwa. Maji yakishuka unaachia kidogo kidogo, macho kwenye kamba. Ikikwama, unapiga ukelele mwenye loki afunge vilango hapo hapo, maji yasimame, ndipo mhangaike na kamba. Ukikimbilia kisu kamba ikiwa imekaza, itakurudi usoni.

Halafu anasema ndoo. Mtu aliyepandisha simtanki la lita 1,000 kwenye mnara anajua maji yana uzito gani. Mwenye kofia hajui. Maji ya ndoo!

*

Mama Ilazo: Kaka, povu lote hili kwa neno moja? Angekwambia hujui kusonga ugali ungeandika kitabu. Ila kwenye kamba umesema kweli, na umesahau kubwa kuliko kamba: kizingiti. Chini ya malango ya juu kuna kizingiti cha zege kinachojitokeza ndani ya chumba, na maji yakiwa yamejaa hukioni. Ukishuka huku nyuma ya mashua ikiwa juu yake, mbele inaendelea kwenda chini, nyuma inakalia zege, na dakika chache tu maji yanaingilia mbele. Watu wamezamisha mashua nzima namna hiyo. Kuna mstari umechorwa ukutani. Nyuma ya mashua, pamoja na usukani, vikae mbele ya mstari mpaka mwisho. Kwenye voisi yake hiki kizingiti alikitaja?

Mwenye uzi: Hakukitaja. Alitaja chai mara tatu.

Baba Vumbi: Mnalia na chai, wengine tunalia na pesa. Huyo huyo ndiye aliyewatuma watu soko la Majengo wakanunue manila, ile kamba ya plastiki, ya bluu ya milimita 6, eti kamba ni kamba. Manila ina sifa yake moja, inaelea, kwa hiyo haikimbilii kwenye rafadha, lile panga la injini majini, ikidondoka. Lakini inateleza kwenye nguzo, inakata viganja, na jua likiipiga msimu mzima inakatika vipande kama makapi. Mashua ya tani hizo inataka nailoni au poliesta ya milimita 14, 16 ikipatikana, laini mkononi. Nailoni inazama, kwa hiyo ukishaitoa kwenye nguzo ivute yote ndani upesi. Na katani yetu naipenda, ila ikilowa inavimba, fundo halifunguki, na ukiihifadhi mbichi inaoza kwa ndani.

Kilimani Juu: Mnamuonea mzee wa watu. Kamba kufungwa zipo. Jioni ukiegesha kwenye ukingo unazifunga kabisa, mbele na nyuma. Pengine alichanganya maegesho na loki.

Mwenye uzi: Hakuchanganya mkuu, kasema "mkishaingia ndani." Ndani ya nini, ndani ya maegesho? Na hata alichanganya, sisi ndoo imetuingiaje?

Mama Ilazo: Kilimani, hata maegesho yana mambo yake. Juu ya Teddington maji hayapandi na kushuka kwa saa, unafunga na kuacha nafasi kidogo. Chini ya Teddington maji yanakupwa na kujaa kwa kufuata bahari, kina kinabadilika kwa mita kadhaa, ukikaza fundo usiku asubuhi unakuta mashua ukutani kama picha. Mashua nyingi za kukodi haziruhusiwi kushuka huko.

Mchicha Mwiba: Wanaosukuma lango kabla ya maji kulingana wananikera kuliko huyo wenu. Wanasukuma wanne, wamekunja sura, lango limetulia. Piga hesabu: lango la upana wa mita 3 lenye maji ya kina cha mita 2, tofauti ya sentimita 10 tu kati ya pande mbili ni kilo 600 zinazokusukuma wewe. Malango yenyewe yanakutana kwa pembe ili maji yayabane, ndiyo kazi yake. Unasubiri. Maji yakilingana linafunguka kwa mgongo wa mtu mmoja. Thames, chini ya Oxford malango mengi ni ya mashine na kuna mhudumu, juu ya Oxford mengi unasukuma mwenyewe kwa mkono.

Baba Vumbi: Na kwenye mifereji kule unabeba krenki yako mwenyewe, mkono wa chuma wa kuinulia vilango. Ukishainua kilango, krenki unaichomoa kwenye ekseli. Ukiiacha na jino la kuzuia likateleza, inazunguka kwa kasi na kuvunja mkono wa aliye karibu. Tena loki nyembamba za mifereji zina upana wa mita 2.1 hivi na mashua nayo ni hiyo hiyo, yale maboya ya ubavuni unayapandisha kabla ya kuingia, la sivyo yanakubana ukutani.

Kilimani Juu: Haya, na zile mbao za rangi zinazowekwa kwenye loki aliziongelea? Bango la njano lenye maneno ya tahadhari maana yake mkondo unaongezeka au unapungua, jekundu maana yake mkondo ni mkali. Ukikuta jekundu, mashua ya kukodi inabaki ilipofungwa. Tatizo ni mabwawa ya kuchepushia maji yaliyo pembeni ya loki. Mkondo ukiwa mkali unakuvuta huko badala ya kwenye loki, na injini ndogo haibishani.

Mwenye uzi: Hakuongelea. Alikuwa ameshafika kwenye ndoo.

Bonde la Zabibu: Nyie mko Thames, mimi niko Mtera. Wikiendi watu wanapakiwa kwenye mitumbwi ya wavuvi kutazama viboko, kumi na moja kwenye chombo cha watu sita, jaketi okozi mawili, moja halina vifungo! Mtera imejaa visiki vya miti iliyozamishwa na bwawa, vingine viko kiganja kimoja chini ya uso wa maji. Mchana upepo ukianza, wimbi fupi linagonga ubavu, chombo kinakalia kisiki, kinageuka. Na mamba wapo. Hilo hamlifungulii uzi?

Mama Ilazo: Fungua wa kwako baba, nitachangia. Jaketi lisilo na kamba ya kupita katikati ya miguu, ukitumbukia linapanda usoni na kichwa kinazama. Vitoto ndivyo vinavyopotea hivyo.

Nkuhungu Leo: Samahani wakuu, huyo jamaa kakosea kamba ila kwenye ndoo kapatia. Huku kwetu bomba halijatoa tangu Jumatatu. Mimi leo nimeoga ndoo, mke wangu ndoo, vyombo ndoo.

Mchicha Mwiba: Kwetu yanatoka saa tisa usiku, kwa saa moja na nusu. Na siku nyingi simtanki halijai.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Katutukana. Kasema maji ya ndoo.

Nkuhungu Leo: Mada si ndiyo hiyo mkuu, maji ya ndoo.

Baba Vumbi: Mchicha, tanki lako liko juu ya mnara wa mita ngapi?

Mchicha Mwiba: Sita.

Baba Vumbi: Ndiyo sababu. Mita 10 za kimo zinakula bar moja. Usiku mtaani kwenu presha ikiwa nusu bar, maji yanasimama mita 5, yanakuchungulia tu. Weka tanki la chini la kupokea, kisha pampu ya nusu hosipawa ipandishe juu. Ila angalia pia boya la ndani ya tanki, lile linalofunga maji tanki likijaa. Chumvi ya maji ya huku inajenga ukoko kwenye tundu, maji yanapita kama ya sindano.

Mchicha Mwiba: La kwangu lina kinyume chake, usiku uliopita halikufunga, yakamwagika mpaka kwa jirani.

Baba Vumbi: Raba imekula mchanga. Funga koki ya kuingizia, chomoa pini ya mkono wa boya, kipande cha ndani kitatoka, kikwangue ukoko, geuza raba upande wa pili. Itakupeleka mpaka upate mpya. Ukipeleka dukani beba ile ya zamani, nusu inchi na robo tatu hazibadilishani.

Nkuhungu Leo: Yametoka! Naenda kukinga.