Gari iko kwenye waranti, inakula oili, shorumu wanasema "ni kawaida". Nifanyeje?

Dada_wa_Kihesa

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa mafundi na wale waliowahi kupambana na wauzaji wa magari mapya. Nilinunua gari mpya kabisa hapa Dar mwaka juzi kwa wakala wa kampuni, jina sitaji maana sitaki ugomvi mtandaoni nataka gari ipone. Ni SUV ndogo, injini ya petroli 1.5 yenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), waranti miaka 3 au kilometa 100,000 kimoja kikitangulia. Sasa hivi iko 41,000 na sevisi zote nimefanya kwao, sijaruka hata moja.

Mwezi wa nne nilikuwa naenda nyumbani Iringa na watoto, tunapanda mlima Kitonga nyuma ya lori, kwenye kona taa nyekundu ya oili ikawaka ikazima, kona inayofuata ikawaka tena. Jamani nilitetemeka, pale huna pa kusimama na nyuma kuna basi. Nikajikongoja hadi Ilula nikapaki, nikaacha injini ipoe nikachomoa stiki ya kupimia oili nikaifuta nikarudisha nikachomoa tena, KAVU. Hakuna hata alama kwenye ncha. Na sevisi nilikuwa nimetoka kufanya kilometa 3,500 tu nyuma. Nikanunua lita 2 hapohapo ndo ikafika chini kidogo ya alama ya juu. Na haivuji, nyumbani inapolala sakafu ni tailzi nyeupe ningeona hata tone moja.

Niliporudi Dar nikaenda shorumu. Mara ya kwanza mshauri wa sevisi akaniambia mama hizi injini za tabo zote zinakunywa oili, ni kawaida. Mara ya pili wakamwaga oili wakaweka mpya wakasema tumerekebisha, na hela nikalipa. Mara ya tatu wakasema labda nakanyaga sana mafuta. Mimi naendesha kutoka Mbezi kwenda kazini kwenye foleni, nakanyaga saa ngapi? Kila nikienda narudi na maneno tu, sina karatasi hata moja. Naongeza karibu lita 1 kila kilometa 1,500 kwa hela yangu na mwakani waranti inaisha. Kuna fundi Sinza anasema nimpe afungue injini abadilishe ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipite, bei yake siyo mbaya. Nimpe au nisimpe?

FundiPlagi

Dada pole sana, na USIMPE. Siyo kwamba huyo fundi hajui kazi, inawezekana anajua kuliko hao, ila siku akigusa boliti ya hedi tu waranti yako ya injini umeizika mwenyewe, watakwambia imefunguliwa nje na hapo watakuwa na haki.

Nimefanya kazi miaka 9 kwenye karakana ya wakala kwa hiyo ngoja nikueleze kwa ndani inavyokwenda, maana ukielewa hili hutagombana na yule kijana wa mapokezi tena. Kazi ya waranti hailipwi na shorumu, inalipwa na kiwanda. Fomeni anaandika madai, anaweka picha, namba ya chesisi, kilometa, vipimo, anatuma, kiwanda kinakubali au kinakataa. Akifungua injini kabla hajapata ruhusa halafu kiwanda kikakataa, hasara ni ya shorumu, masaa ya fundi na vipuri vyote. Sasa wewe umeenda mara 3 na maneno na wao wamekujibu kwa maneno, hakuna kitu ambacho mtu anaweza kukituma kiwandani. "Ni kawaida" ndo jibu rahisi la mtu asiye na namba mkononi. Wape namba.

Namba inapatikana kwa kitu kinaitwa jaribio la ulaji wa oili, kila kampuni kubwa inalo kwenye utaratibu wake, liombe kwa jina hilo na uliombe kwa maandishi. Wanamwaga oili yote, wanaweka mpya ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu pamoja na filta, wanapima, halafu wanapaka rangi au wanafunga sili kwenye boliti ya kumwagia, kifuniko cha kujazia na stiki. Wanaandika kilometa, unasaini wewe wanasaini wao. Unaenda kuendesha kawaida kilometa 1,000 mpaka 2,000 kutegemea kampuni, unarudi sili zikiwa nzima, wanapima kilichopungua. Katikati hapo usiongeze hata kijiko. Ukiona taa simama na uwapigie, usiendelee.

Kabla hujaenda fungua kile kitabu cha gari kilichokuja kwenye droo, tafuta kurasa za vipimo mwishoni, kuna mstari unasema kiwango cha juu cha oili inayoweza kupungua. Usishtuke ukikuta kikubwa, vitabu vingi vinaandika mpaka lita 1 kwa kilometa 1,000, ni kiwango cha huruma sana kwa kiwanda. Vingine ni nusu ya hapo. Chako kinasema ngapi?

Na ile taa ya Kitonga, oili ikiwa chini halafu gari imeinama kwenye mlima na kona, kile kidogo kilichobaki kinakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa. Taa ile ni ya presha, siyo ya kukukumbusha uongeze. Zile sekunde zinaumiza beringi za tabo kwanza kabla ya kingine. Waandikie na hilo, tarehe na kilometa.

Mzee_wa_Chalinze

Binti yangu mimi nimeendesha magari toka miaka ya 80, weka oili nzito 20W-50 na ile dawa ya kuzuia moshi utasahau hayo mambo ya sijui jaribio. Gari yangu nimeifanyia hivyo inakwenda mwaka wa 6 huu.

FundiPlagi

Mzee wangu shikamoo. Kwa gari iliyokwisha kuzeeka na isiyo na waranti sikupingi, inasaidia kuburuza siku. Lakini hii ya dada imeandikiwa oili nyepesi, njia za oili za tabo na za zile taiming zinazojirekebisha zimetengenezwa nyembamba kwa oili hiyo, nzito inachelewa kufika asubuhi. Na kubwa zaidi, kiwanda kikipima sampuli kikakuta 20W-50 wameshapata sababu ya kumkatalia. Kwa huyu iwe oili ya kitabu tu, na kila kopo analoongeza ashike risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inayoonyesha aina.

Dada_wa_Kihesa

Mzee shikamoo, asante kwa kunijali. Fundi nimeangalia kitabu, kinasema lita 0.5 kwa kilometa 1,000. Na moshi nauona asubuhi nikiwasha, wa bluu kidogo halafu unapotea. Je ni ringi au nini?

FundiPlagi

0.5 ni nzuri sana kwako, kwa hesabu yako umeshapita.

Moshi wa kuwasha asubuhi unaoisha mara nyingi ni vali sili, vile viraba vinavyozuia oili kwenye vali, oili inadondoka taratibu usiku juu ya vali. Moshi unaotoka ukikanyaga mafuta injini ikiwa na mzigo, kama ukipanda mlima, huo mara nyingi ndo wa ringi. Tabo ikipitisha utakuta oili imelowesha mabomba ya hewa kwa ndani. Na kuna kivali kidogo cha kupumulia injini, PCV, kikikwama kinavuta oili kuingia kwenye manifoldi, njia ya hewa ya kuingia kwenye injini, na injini nzima inaonekana mbovu kumbe ni kipuri cha bei ndogo. Shorumu makini inaanzia hapo kabla ya kufungua chini. Ila dada hiyo kazi ya kusema ni nini waachie wao, ukienda na neno "ringi" watabishana na wewe juu ya ringi. Nenda na malalamiko: oili inapungua kiasi hiki, kwa kilometa hizi.

Mtu_wa_Rongai

Hapa Nairobi yangu haikuwa mpya, nilinunua kwa yadi na wakaniandikia waranti ya miezi 3 ya injini na giaboksi. Wiki ya tatu ikaanza kuchoma oili vibaya, kumbe walikuwa wameweka oili nzito kuficha moshi. Nikapiga simu wiki mbili wananizungusha, kesho, bosi amesafiri, kesho. Mwisho nikaacha kupiga simu nikaanza kuandika, kila kitu imeili. Nikalipa makanika mwingine apime kompresheni na kuvuja kwa silinda bila kufungua injini, akaniandikia ripoti na stempu. Silinda mbili zilikuwa chini sana.

Nikawapa barua ya siku 14, la sivyo naenda Korti ya Madai Madogo. Hiyo korti iko chini ya sheria ya 2016, inachukua kesi hadi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Siku ya 11 wakanipigia wenyewe. Walilipa ringi, vali sili na gasketi, mimi nikalipa oili na filta. Nilikuwa nataka walipe yote lakini nilikuwa nimechoka na nilihitaji gari ya kazi, sijutii. Dadangu huko Tanzania sheria zenu ni tofauti lakini hiyo ya kuandika haina mpaka, mtu akijua kuna karatasi anabadilisha sauti.

FundiPlagi

Kweli kabisa. Kwetu ikifika huko kuna Tume ya Ushindani, FCC, iko chini ya sheria ya 2003 na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Lakini kabla ya huko mwandikie meneja wa sevisi, nakala kwa ofisi ya kanda ya kampuni yenyewe iliyotengeneza gari, anuani yake iko kwenye kijitabu cha waranti. Ile nakala ndo wanaiogopa.

Mbongo_Minnesota

Naongezea kwa upande wa huku Marekani ili dada ajue siyo yeye peke yake. Toyota injini ya 2AZ-FE, lita 2.4, hiyo hiyo mnaiona huko Bongo kwenye Harrier, Alphard na Vanguard, zile za kama 2007 hadi 2009 huku zilisumbua sana, oili ilikuwa inapita kwenye pistoni na ringi. Mwaka 2011 Toyota wakatoa maelekezo kwa mawakala wao, gari ipimwe kwa maili 1,200 ambayo ni kama kilometa 1,930, ikipungua zaidi ya kwati 1, karibu lita moja, pistoni na ringi zibadilishwe. Baadaye wakaongeza na muda wa kulipia hiyo kazi. Subaru nao walishtakiwa na wateja kwa pamoja kuhusu ulaji wa oili, mwaka 2016 yakafikiwa makubaliano, waranti ya injini kwa magari yaliyohusika ikatoka miaka 5 au maili 60,000 ikawa miaka 8 au maili 100,000.

Ninachotaka uone dada ni kwamba kote huko mlango ulikuwa ule ule anaousema fundi, jaribio lenye sili. Waliokuwa nalo kwenye mafaili walitengenezewa, waliokuwa wanaongeza oili kimyakimya nyumbani miaka na miaka walihangaika kuthibitisha. Kuongeza bila kuandika ni kama kuwasaidia kuficha ugonjwa.

Dada_wa_Kihesa

MREJESHO wiki 7 baadaye. Samahanini nilikaa kimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Niliandika barua kama mlivyonielekeza, ukurasa mmoja, tarehe zote 3 nilizoenda, kilometa zake, tukio la Kitonga, risiti za oili lita 5 nilizoongeza, na ule ukurasa wa kitabu nimepiga picha nikabandika. Nikapeleka kwa mkono nikagongewa mhuri nakala yangu, na ofisi ya kanda nikatuma imeili. Siku 2 tu meneja wa sevisi akanipigia mwenyewe. Yule ambaye miezi 3 nilikuwa naambiwa yuko kikaoni.

Wakafunga sili. Nimeendesha kilometa 1,600, nimekwenda Morogoro na kurudi mara 2 na mizunguko ya mjini, kila asubuhi roho juu nikiangalia dashibodi. Nimerudi wamepima mbele yangu, nilisimama hapo hapo karakana sikukubali kukaa na kahawa kwenye makochi, imepungua lita 1.15. Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele ya fomeni, 0.72 kwa kilometa 1,000, kitabu kinasema 0.5. Hakusema kawaida tena. Walibadilisha PCV kwanza wakanipa kilometa 1,000 nyingine, ikala vile vile. Jana kiwanda kimekubali kufungua injini, pistoni na ringi na vali sili, bila mimi kulipa, na wamenipa gari ya kutumia. Nililia kwenye bajaji nikienda kuichukua, nawaambia ukweli, ile gari ni mkopo wa miaka 4 na ndo inapeleka watoto wangu shule.

Fundi swali la mwisho, kuna cha kuwaomba kabla hawajafunga?

FundiPlagi

Hongera sana dada, umefanya kazi yako vizuri. Omba haya kwa maandishi kabla hawajaanza. Kuta za silinda zipimwe na upewe karatasi ya vipimo, kama zimechubuka ringi mpya hazitakaa na itabidi wadai bloku nzima, hilo lisemwe sasa na siyo baada ya kufunga. Tabo ichezewe shafti yake waone kama imelegea, kwa sababu ya ile taa. Na katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, wakague, oili iliyoungua inaiziba taratibu, ikifa mwaka kesho waranti imeisha utalipa wewe. Waombe waandike kwamba imekaguliwa wakati wa kazi hii.

Ikitoka, kilometa 1,000 za kwanza usiiburuze na usiiendeshe kasi moja muda mrefu, ringi zinahitaji kukaa. Pima stiki kila Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi, andika kwenye daftari. Na zile lita 5 pamoja na ile sevisi ya mara ya pili uliyolipia, peleka risiti udai.

Dada_wa_Kihesa

Nimeandika yote. Jumatatu saa 2 asubuhi niko hapo kabla hawajafungua hedi, na zile risiti nabeba.